Upande wa Pili wa Ubao

Katika picha pekee iliyobaki ya Shule ya Jioni ya Stesheni, mimi ni viatu. Wenzangu wote wana nyuso. Wamekaa kwenye mabenchi ndani ya ghala la zamani la reli mjini Kitale, wanaume na wanawake, wengine wameanza kuota mvi, wote wamekaza macho kama watu wanaosubiri mkaguzi wa elimu. Katikati yao umesimama ubao mweusi wa miguu minne. Ukitazama vizuri chini ya ubao huo utaona viatu viwili vya ngozi, kamba zake zimefungwa kwa uangalifu. Huyo ndiye mimi, Mabonga, mwenyekiti wa sasa wa chama cha wanafunzi wa zamani wa shule hiyo.

Nilichaguliwa Januari mwaka huu, katika mkutano wa kuufungua mwaka wetu wa sherehe. Ilikuwa imetimia nusu karne tangu shule ianze. Katibu wetu, Ivy, alikuwa ameikuza ile picha ikawa na ukubwa wa mlango, akaitundika ukutani. Ivy ni binti wa Bungoma, anafanya kazi benki. Alisoma Stesheni ilipokuwa tayari shule ya msingi ya mchana, yenye sare na basi la njano. Wanachama wengi ni wa rika lake. Sisi wa jioni, ambao watu walituita ngumbaru na kutucheka njiani tukiwa na madaftari, tumebaki wachache sana.

"Mzee, wewe uko wapi hapa?" Ivy aliniuliza mbele ya watu.

"Hapo katikati."

"Wapi? Naona ubao tu."

"Chini ya ubao."

Akainama, akasogeza miwani. "Lakini hivi ni viatu, Mzee."

"Ndiyo. Ni vyangu."

Kipketer alicheka mpaka akakohoa. Ni mtu wa Cheptais, dereva wa lori mstaafu, na katika picha ile yuko mstari wa mbele amejaza kifua hewa. "Bana, tumechagua viatu!" alisema. "Mwenyekiti wetu ni saizi nane!"

Watu wote wakacheka, nami nikacheka. Lakini nilipofika nyumbani kicheko kilikuwa kimeisha. Mimi nilirudi kusoma nikiwa mtu mzima, mikono imejaa vibanzi vya mbao. Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na watoto watatu. Nimekuwa karani wa chama cha ushirika, nimekuwa mzee wa kanisa, na sijawahi kuwa na deni la karo ya mtoto. Na katika ushahidi wa pekee wa pale yote yalipoanzia, sina uso.

Sababu yake ni mama mkwe wangu.

Nilikuja Kitale kutoka Bungoma nikiwa kijana mwenye darasa la nne. Nilisukuma magogo katika kiwanda cha mbao cha Kartar. Mtu mmoja akaniambia kuwa karani wa stesheni, Mwalimu Nasir, anafundisha watu wazima bure jioni katika ghala la mizigo. Karo ilikuwa mafuta ya taa tu. Kila mtu alimimina kidogo katika karabai ya mwalimu, aliyotoka nayo moja kwa moja msikitini baada ya swala ya magharibi. Aliyesahau mafuta hakufukuzwa, ila aliketi nyuma kabisa, mahali ambapo mwanga ulikuwa umeshachoka.

Nilikalishwa benchi moja na mama aliyeitwa Edah. Alikuwa mwenyeji wa Bokoli, mumewe alifanya kazi ya kutengeneza njia ya reli. Umri wake ulikuwa wa dada yangu mkubwa. Edah aliuza maandazi sokoni, kwa hiyo hesabu za kichwa zilimtoka kama mate, ila herufi zilimsumbua. Mimi herufi nilizijua, hesabu zikanitoa jasho. Tukasaidiana. Alinikanyaga mguu nikisinzia, maana nilikuwa nimesukuma magogo tangu alfajiri. Mimi nilimwekea kidole chini ya neno mpaka alitamke. Tulicheka sana. Siku aliyosoma sentensi nzima peke yake, aligonga meza akasema, "Kumbe ndivyo walivyokuwa wanatudanganya, hawa waliosoma! Ati ni ngumu!"

Sikuwa na rafiki mwingine Kitale. Hilo naliandika hapa bila aibu: rafiki yangu wa kwanza katika mji ule alikuwa mama mwenye watoto sita.

Kisha bintiye, Rahab, akaanza kuja kumchukua mama yake masomo yakiisha, ana taa mkononi. Mengine msomaji anayajua. Nilipeleka wazee, mahari ikakubaliwa, nikaoa.

Kwetu Bukusu, mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Hawashikani mkono, hawali pamoja, hawakai kiti kimoja. Wakikutana njiani mmoja huiacha njia. Hiyo si chuki. Ni heshima kubwa kuliko zote, na anayeivunja ovyo huonekana hana malezi. Basi Jumatatu iliyofuata, nilipoingia darasani na kumkuta Edah kwenye benchi letu, alijifunika leso kichwani akageukia ukuta. Mimi nilitoka kwa dirisha.

Mwalimu Nasir alidhani tumegombana. "Nini hii? Mmepigana?" aliuliza.

"Hawajapigana, Mwalimu," Kipketer alimjibu. "Wamekuwa jamaa. Hiyo ni mbaya zaidi."

Ilikuwa lazima mmoja wetu aache shule, na hakuna aliyekubali kuacha. Wiki nzima tulihudhuria kwa zamu, leo yeye, kesho mimi. Mwishowe Mwalimu Nasir alimwendea Kartar, akamwomba ubao wenye uso mbele na nyuma, wa kusimama wenyewe. Ulipoletwa, aliuweka katikati ya benchi letu. Edah akakaa upande mmoja na darasa lote, mimi nikakaa upande wa pili peke yangu. Mwalimu alisoma hesabu kwa sauti, kila mmoja akaandika jibu upande wake. Nilisikia chaki ya Edah ikikimbia wakati yangu bado inafikiri. Mwalimu alizunguka kama mtu anayekagua ng'ombe: "Upande huu, sawa. Upande ule, rudia." Upande ule ulikuwa wangu karibu kila siku.

Mpiga picha alipokuja, alipiga upande wa darasa.

Miaka ikaenda hivyo. Mama Edah alipokuja kuwaona wajukuu, mimi nilikwenda kukaa kwa jirani. Rahab alipolazwa hospitali ya Lugulu, mama yake alikaa naye wodini mchana na mimi nilisimama kwenye ua wa nje mpaka nimwone anaondoka kwa mgongo. Salamu zilipitia kwa Rahab. "Mama anakusalimu." "Mwambie namsalimu pia." Nusu karne ya salamu za mkono wa pili.

Kwa hiyo Ivy aliposema, katika mkutano ule wa Januari, kwamba Desemba tutafungua ghala la zamani kuwa maktaba, na kwamba wanafunzi wa jioni waliobaki watapigwa picha mpya pale pale, kila mtu mahali alipoketi zamani, nilijua ninachotaka. Nilitaka kuketi tena benchi moja na Mama Edah, uso wangu uonekane na wake uonekane, picha ipigwe na itundikwe. Alikuwa na karibu miaka tisini. Mwaka mwingine kama huo hautakuja.

Mwaka wenyewe ulijaa kazi. Aprili tulifanya harambee Bungoma, kwenye uwanja wa kanisa. Tulinadi jogoo, kama ilivyo kawaida. Kipketer alimnunua, akamrudisha anadiwe tena, akamnunua tena, mpaka mchungaji akasema jogoo huyo sasa amesoma kuliko wengine wetu. Vijana wa Nairobi walituma michango kwa simu. Nilitoa hotuba niliyoiandika mara nne, na niliposema kwamba ngumbaru ndio waliozaa shule hii yenye basi, wazee watatu wa mstari wa mbele walisimama wakavua kofia.

Agosti tuliingia kazi ya urithi. Ivy alitaka vitu vya zamani vya kuweka maktabani. Tulipata kipande cha reli kilichokuwa kengele. Tulipata karabai ya Mwalimu Nasir kwa mjukuu wake, Zaitun, ambaye ana duka la vitambaa karibu na msikiti. Aliitoa kabatini imefungwa kanga. "Babu alisema isiuzwe hata tukilala njaa," alituambia, akaipangusa tena kabla ya kutupa.

Ubao tuliupata jikoni mwa shule, umelazwa juu ya mawe, wapishi wanakatia sukuma wiki juu yake. Nilipouona nilikasirika, kisha nikaona aibu kukasirika, maana ulikuwa unafanya kazi. Tuliupeleka kwa Gurdip, mtoto wa Kartar, ambaye siku hizi anauza vifaa vya ujenzi mahali palepale palipokuwa na kiwanda cha baba yake. Aliupapasa ukingoni.

"Hii ni mkono ya mzee," alisema. "Ona hapa, hakuna msumari hata moja. Ameunganisha mbao kwa mbao. Nani alikuwa anatumia pande mbili?"

"Mimi na mama mkwe wangu," nilimwambia.

"Mama mkwe?" Alicheka. "Wangu ningemwekea ukuta ya mawe, bana." Akaturekebishia ubao, akaupaka rangi nyeusi pande zote mbili, akakataa malipo.

Septemba nilichukua hatua yangu. Wazee wa ukoo wetu husema kwamba heshima ile ina mlango. Watu wakizeeka, wajukuu wakiwa wakubwa, mkwe anaweza kumpelekea mama mkwe zawadi mbele ya wazee. Akiipokea, mnashikana mkono, na toka hapo mnaongea kama watu. Nilinunua blanketi zito la sufu, jekundu lenye mistari myeusi. Nilimwomba mjomba wangu alipeleke Bokoli pamoja na Rahab.

Rahab alilitazama blanketi lile, akanitazama mimi. "Baba Masika, hebu niambie. Wewe ulinioa mimi ama ulioa mama?"

"Nilikuoa wewe."

"Basi mbona hujawahi kuninunulia blanketi kama hii?"

"Nitakununulia."

"Nimesikia," alisema, akalikunja vizuri kwenye begi.

Walirudi jioni. Mjomba aliingia kwanza, akaketi. Rahab aliweka begi mezani, na begi lilikuwa limejaa vile vile.

"Alisema nini?" niliuliza.

"Alisema hapana."

"Hapana tu?"

"Hapana tu. Akatupikia chai, akauliza habari ya goti lako. Halafu akasema tusichelewe njiani."

"Na Desemba? Atakuja kwenye sherehe?"

Rahab alivua viatu polepole. "Na wewe ukiwa hapo mbele mwenyekiti? Atakaa wapi? Sidhani."

Sikulala vizuri siku nyingi baada ya hapo. Nilijiuliza kama nilimkosea mahali. Nilijiuliza kama, kwake, benchi lile halikuwa kitu. Mtu anaweza kubeba kumbukumbu maisha yake yote kumbe mwenzake aliitua zamani na kuendelea na safari. Ivy aliponiuliza, nilimwambia aendelee na mpango: nitaketi benchi langu peke yangu, upande wa mbele. Uso wangu utaonekana. Nusu ya nilichotaka nitakipata.

Siku ya kufungua maktaba, Rahab aliamka mapema, akasema anapitia sokoni, tutakutana hukohuko. Nilivaa suti. Ghala lilikuwa limepakwa chokaa, rafu zimejaa vitabu, na katikati, mahali pake pa zamani, ulisimama ubao wa Kartar. Masanduku ya vitabu ambavyo havijapangwa yalikuwa nyuma yake. Wanafunzi wa mchana walijaa madirishani. Wa jioni tulikuwa saba.

Nilisimama mbele, karibu na ubao, nikaanza hotuba. Nilimsifu Mwalimu Nasir, na Zaitun akafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Nilikuwa nimefika mahali pa kusema kwamba elimu haina uzee, nikasikia fimbo ikigonga sakafu mlangoni. Watoto walinyamaza. Sauti ya Rahab ikasema, "Taratibu, Mama, kuna kizingiti."

Nusu karne ya mazoea haikuniuliza ruhusa. Kabla sijafikiri, miguu yangu ilikuwa imenipeleka nyuma ya ubao.

Ukumbi mzima ulilipuka kwa kicheko. Vijana wa Ivy hawakuelewa. Walifikiri ni mchezo wa kuigiza. Lakini wazee wa Bungoma walipiga makofi. Nami, kwa kuwa hotuba ilikuwa haijaisha na nilikuwa nimeiandika kwa bidii, niliendelea nayo kutoka palepale nilipokuwa, nikiongea na mbao. Nilimaliza kwa sauti kubwa. Nadhani sijawahi kushangiliwa vile.

Kipketer akapaza sauti: "Viatu vimesema!"

Nilisikia Mama Edah akisaidiwa kuketi kwenye benchi, upande wa pili. Alipumua kwa nguvu kama mtu aliyepanda mlima. Rahab alichungulia kwangu pembeni mwa ubao, ana uso wa mtu aliyeiba akafurahi.

"Ulisema unaenda sokoni," nilimnong'oneza.

"Bokoli kuna soko," alinijibu.

Kisha wakati wa picha ukafika. Ivy alikuja upande wangu na mpiga picha, ana wasiwasi. "Mzee, sasa itakuwaje? Ukibaki hapa hauonekani. Na picha ni ya maktaba, itakaa miaka mingi."

"Ninajua."

"Tunaweza kufanya hivi. Tunampiga Kukhu Edah na wengine. Halafu yeye anatoka kidogo nje kupunga hewa, wewe unakaa, tunakupiga. Tunawaunganisha kwa kompyuta. Hakuna mtu atajua. Mtaonekana mmekaa pamoja kabisa, hata karibu."

Nilifikiri juu ya jambo hilo. Siwezi kusema sikulitamani. Pale ukutani ningekuwa na uso, naye angekuwa karibu yangu, na watoto wa watoto wangetutazama wakaamini. Lakini nilikuwa nimemsikia mwanamke wa umri ule akivuka kizingiti kwa fimbo kuja kuketi mahali pake. Kumwinua tena, atolewe nje kama kiti, ili mimi nionekane nimeketi naye wakati hatukuketi! Picha hiyo ingesema uongo, na ingemsema yeye bila ruhusa yake. Alikwisha kusema hapana.

"Piga hivyo hivyo," nilimwambia Ivy.

"Mzee, una uhakika?"

"Mwalimu Nasir alitupanga hivi. Piga."

Nilisimama wima nyuma ya ubao, nikafunga vifungo vya koti, ingawa hakuna ambaye angeviona. Mwanga wa kamera ukamulika paa mara kadhaa. Kisha makofi, kisha mtu akatangaza kwamba chakula kiko tayari chini ya hema, na ukumbi ukamwagika nje kwa kelele.

Mama Edah hakutoka. Alikuwa amechoka, na Rahab alimwambia atamletea sahani. Mimi nisingeweza kutoka pia. Mlango ulikuwa upande wake. Nikabaki nimesimama, goti linaniuma. Nje vijana walikuwa wamefungulia muziki. Ndani hakukuwa na mtu mwingine.

"Wewe ubao," Mama Edah alisema.

Nilishtuka.

"Wewe ubao, naongea na wewe, siongei na mtu mwingine. Hebu niulizie huyo aliye nyuma yako kama amepata mahali pa kukaa."

Niliweka mkono juu ya mbao, nikanong'ona. "Ubao, mwambie mama sina kiti, lakini nasimama vizuri."

"Ubao, mwambie aache uongo. Mtu mwenye goti kama lile hasimami vizuri. Akalie hata sanduku."

Nikakalia sanduku la vitabu.

"Amekaa?"

"Ubao, mwambie mama nimekaa."

Nilisikia fimbo ikitelezeshwa sakafuni. "Ubao, mwambie ile blanketi ilikuwa nzuri. Macho yangu hayaoni sana siku hizi, lakini niliishika. Ilikuwa nzito."

"Ubao," nilisema, na sauti yangu haikuwa ya mwenyekiti, "muulize mama, kama ilikuwa nzuri, mbona aliirudisha."

"Ubao, mwambie hivi, na umwambie polepole aelewe, maana huyo hata hesabu alikuwa anarudiarudia. Mimi nimeishi na watu wengi. Wengine walinishika mkono leo, kesho wakanipita njiani kama mti. Hata watoto wangu wengine wakinipigia simu wanaongea haraka. Lakini huyu, miaka yote, akiniona anaingia kwenye mahindi. Hata kukinyesha. Hata akiwa na suti. Tulipomzika mzee wangu alizunguka boma lote kwa nyuma na jeneza begani, ili asinipite karibu. Watu wa Bokoli waliona. Wakipita kwangu wanasema, Edah ana mkwe. Kuna wanawake wana mashamba na nyumba za mabati na hawana hiyo. Sasa nikubali blanketi, tukae benchi moja tupigwe picha. Kesho nitakuwa na nini? Nitakuwa na mzee mwingine tu wa kukaa naye. Wazee ninao wengi."

Mambo niliyoyahesabu kuwa hasara kwa nusu karne, yeye aliyaweka kama akiba.

"Yuko?" aliuliza.

"Ubao, mwambie mama niko." Nikajikaza. "Mwambie pia kwamba mimi nilikuwa na rafiki mmoja tu katika mji huu. Nilipooa nilipata mke mwema. Lakini siku ile nilipotoka kwa dirisha, rafiki nilimwacha ndani."

Nje, wimbo uliisha ukaanza mwingine. Nilifikiri nimesema neno lisilofaa.

"Ubao," alisema hatimaye, "unafikiri njia ya kutoka hapa kwenda kwetu siku zile ilikuwa ndefu?"

"Ubao, mwambie mama haikuwa ndefu. Ilikuwa ng'ambo ya reli tu."

"Basi muulize mtu mwenye akili, mbona nilikuwa nahitaji mtoto aniletee taa kila siku."

Nilikaa pale juu ya sanduku, mzee wa miaka sabini na zaidi, nikahisi masikio yangu yanapata moto kama ya mvulana.

"Nilimwona kijana," aliendelea, na sasa alikuwa amesahau kumtaja ubao. "Anachoka kama punda, lakini hesabu ikikataa anairudia mpaka itoke. Nikafikiri muhula mzima. Nikimwacha kwenye benchi, nitakuwa na mtu wa kuniwekea kidole chini ya maneno. Nikimfanya mkwe, namkosa mimi, mtoto wangu anampata. Nilijua ninachotoa. Usifikiri sikujua." Akavuta pumzi. "Ubao, mwambie hivyo."

"Ameshaambiwa, Mama," nilisema.

Rahab aliingia na sahani mbili, ugali wa wimbi na kuku. Alisimama. "Mama, unaongea na nani hapa?"

"Na ubao."

"Na ubao unasema nini?"

"Huo ulisoma. Una maneno mengi."

Rahab alimwekea mama yake sahani mapajani, akazunguka akanipa yangu, akanitazama usoni kwa muda mrefu. Alirudi akaketi kando ya mama yake.

Nilikuwa na njaa, lakini sikugusa chakula. Mkwe hali mahali ambapo mama mkwe atamsikia anatafuna. Nilishika sahani, mvuke ukinipanda usoni, nikasubiri wamalize waondoke. Mama Edah alikula kidogo, akaacha.

"Rahab," alisema kwa sauti ya kutosha kuvuka, "mbona huyo hali?"

"Anakuheshimu, Mama."

"Mwambie ale tu. Mimi siku hizi masikio yangu yamekufa kabisa."

Alikuwa amenisikia nikinong'ona tangu tulipoanza. Nilikata tonge, nikalichovya kwenye mchuzi, nikala polepole sana, nikijitahidi nisitoe sauti.